Mlango wa Wadi ya Tatu

(Korido ya ghorofa ya pili, Hospitali ya Rehema, Hamriya, Maskati, Jumatatu saa nne asubuhi. Wadi ya wanaume iko kulia, wadi ya wanawake kushoto, na viti vya wageni vimepangwa vivyo hivyo, wanaume huku na wanawake kule, katikati safu ya vyungu vya maua ya plastiki. Mwisho wa korido, nyuma ya jukwaa, pana mlango mpya wa msaji uliofungwa utepe mwekundu. Upande wa pili, karibu na lifti, pana kitoroli cha kubebea wagonjwa, na juu yake amelala mwanamke aliyejitanda shela, mguu wa kulia umefungwa kwa vibao. Mkurugenzi Mutasim anavaa miwani yake ya kusomea, ambayo akishaivaa haoni chochote kilicho mbali zaidi ya karatasi yake. Anagonga maikrofoni mara tatu.)

Mheshimiwa Mlezi wa Hospitali yetu, Sheikh Yaqdhan, pamoja na wazee wetu mliokaa naye safu ya mbele. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wadi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Katibu wa kamati hiyo hiyo, Bwana Sinan. Waheshimiwa Wenyeviti wa Kamati Ndogo ya Vitanda, Kamati Ndogo ya Mapazia na Kamati Ndogo ya Istilahi, ambao kwa sababu za ufanisi ni mimi pia. Madaktari, wauguzi, wahudumu na wafagizi. Mabwana wa Ruwi na Matrah, na mabibi wa upande ule wa maua. Wageni mlioalikwa, mlioalikana wenyewe kwa wenyewe na mliosikia kutakuwa na kahawa. Wagonjwa wa wadi zote mbili, ambao milango yenu nimeamuru iachwe wazi ili asikosekane mtu wa kunisikia. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Wanaitikia. Bwana mmoja upande wa wanaume ameshatoa simu.)

Wapo wasemaji ambao wakifika hapa husema itifaki imezingatiwa, wakapita mbio. Mimi sina haraka hiyo. Nnaona fahari isiyo na kifani kusimama mbele yenu siku hii ya kihistoria, kufungua rasmi Wadi ya Tatu, wadi ya mwanzo ya aina yake katika Hamriya yote, na pengine, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya mwenyewe kwenye simu jana baada ya chakula cha mchana, wadi ya mwanzo katika eneo zima linaloanzia mzunguko wetu wa magari mpaka stendi ya mabasi ya Ruwi. (Makofi ya Bwana Sinan.)

(Mlinzi anampelekea kikaratasi. Kila mfanyakazi wa hospitali anaijua tabia hii ya Mkurugenzi: karatasi yoyote anayotiwa mkononi akiwa jukwaani huisoma yote mpaka mwisho, kwa sauti ile ile ya hotuba.)

"Mwenye gari nyeupe aliyeziba lango la ambulensi tafadhali aiondoe, kuna mgonjwa anasubiri kuteremshwa." Ahsante. Nnamkumbusha mwenye gari hiyo, yeyote awaye, kwamba ustaarabu ni nguzo ya afya, na mtu anayeziba lango la hospitali hajui maana ya utumishi. (Bwana Sinan anamnong'oneza.) Gari hiyo itaondolewa kwa kufuata taratibu. (Kicheko upande wa maua.)

Mtaniuliza: Mkurugenzi, wadi ya tatu ni ya nani, hizi mbili zina nini? Ni swali zuri, ingawa sijaliruhusu. Siku kumi na tisa zilizopita aliletwa hapa mgonjwa mmoja, fundi cherehani wa mtaa huu huu, aliyeanguka ngazini dukani kwake akiteremsha jora la hariri, akavunjika mfupa wa muundi, mguu wa kulia. Dakta Buthaina, bingwa wetu wa mifupa, akasema afanyiwe operesheni siku ile ile. Daktari anaweza kusema hivyo kwa sababu daktari anatazama mguu. Uongozi unatazama mfumo. Na mfumo wetu, ambao muasisi wake mnamwona hapa, unasema hakuna operesheni bila namba ya kitanda, hakuna namba ya kitanda bila wadi, na hakuna wadi bila kadi. Tukaitazama kadi. Kadi inasema mwanamme. Tukamtazama mgonjwa. Mgonjwa, kama mnavyomjua nyote wakaazi wa Hamriya, yuko mwaka wa ishirini huu anaishi kama mwanamke, anavaa kama mwanamke, na mtaa mzima unamwita kwa jina la kike ambalo kamati imeniomba nisilitaje mpaka suala lake lipatiwe ufumbuzi.

(Sauti kutoka kitorolini: "Hind.")

Nnashukuru kwa mchango huo wa kutoka nyuma. Katika nyaraka zetu tunamwita Mnufaika.

Basi, mabibi na mabwana, viongozi dhaifu wangebabaika. Sisi tulianzisha mara moja mradi wa majaribio, pailoti kama wanavyosema wataalamu, tukamlaza Mnufaika wadi ya wanaume kwa muda wa saa mbili chini ya usimamizi wangu wa karibu, kwa njia ya simu. Watu wazima wenye mvi zao wakageuza nyuso ukutani, mmoja akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani na dripu yake mkononi, na Mnufaika mwenyewe akajifunika gubigubi asionekane hata kidole. Tathmini yetu huru, iliyofanywa na kamati yangu, ilionesha mafanikio ya asilimia sabini na moja, kwa kuwa hakuna aliyefariki. Hata hivyo tuliona busara kumhamishia hapa koridoni. Na hapa nataka wanaotubeza wanisikilize vizuri. Korido haina jinsia! Korido ni ya wote! Katika korido mwanamme anapita, mwanamke anapita, chakula kinapita, na kwa siku kumi na tisa hakuna hata mtu mmoja aliyeniletea malalamiko kwamba korido imemkosea heshima.

(Dakta Buthaina, amesimama ukutani na koti lake jeupe: "Nimekuandikia barua kumi na moja, Mkurugenzi.")

Barua kumi na moja! Mnasikia wenyewe hali ya mawasiliano ilivyo nzuri katika hospitali hii. Zote nimezipokea, zote zimegongwa muhuri, na zote zimo kwenye jalada la rangi ya samawati, rangi iliyochaguliwa baada ya mjadala mrefu, kwa sababu majalada ya wanaume ni ya kijani na ya wanawake ni ya waridi. (Makofi ya Bwana Sinan.)

Wala msidhani Mnufaika alitupwa. Kitoroli kile kimetandikwa shuka mbili badala ya moja. Kimewekwa chini ya kiyoyozi chenye nguvu kuliko vyote ghorofa hii, na kifua kilichombana wiki iliyopita kimeandikishwa kama suala tofauti, lenye jalada lake. Yapo malalamiko kwamba gurudumu lake moja linalia sana kikisukumwa. Idara ya Matengenezo imeyapokea, na kwa kuwa kitoroli hakiendi pahala, haikuona sababu ya kulitia mafuta. Kuhusu maisha ya kijamii, nyote mnajua hapa kwetu mtu hampiti mgonjwa bila kumsalimu, na kila anayekuja kuwakagua jamaa zake lazima ashukie lifti ile. Kwa hivyo kila thamosi ya kahawa inayopanda ghorofa hii humimina kikombe chake cha mwanzo pale kitorolini, na halua humeguliwa pale kabla haijafika ilikokusudiwa. Takwimu zinaonesha Mnufaika anapata wastani wa wageni arobaini kwa siku. Mimi nilipolazwa kwa ugonjwa wa nyongo, chumba cha peke yangu, nilipata sita. (Kicheko.) Sioni cha kuchekesha.

Aidha tumemshirikisha Mnufaika katika utekelezaji, kwa sababu ushirikishwaji ndio moyo wa sera yetu. Utepe huu mnaouona mlangoni ulikuja kutoka dukani ukiwa unanyofoka nyuzi. Nikampelekea mwenyewe kitorolini, na yeye, akiwa amelala chali, akaupinda kwa mkono pande zote mbili, kazi safi kabisa, mshono huuoni. Mpigieni makofi.

(Makofi ya kweli, upande wa maua hasa. Hind, kutoka kitorolini: "Bwana Mutasim, watu husema mafundi cherehani ndio wenye ahadi za njoo kesho. Mimi utepe wako niliumaliza siku ile ile." Kicheko kikubwa, hata cha Sheikh Yaqdhan.)

Ucheshi ni dalili ya afya. Nnaendelea. Kamati yangu ya watu tisa, wote wanaume wenye uzoefu mkubwa wa kuwa na wake na mama, ilikaa vikao kumi na vinne. Kikao cha mwanzo tulizungumza Kiswahili, kama leo, na tulimjadili Mnufaika kwa saa mbili nzima bila mtu kupandisha sauti, yeye hivi, yeye vile, tukatoka tukicheka. Muhtasari ulipofasiriwa kwa Kiarabu kwa ajili ya jalada ndipo tukagundua kwamba kila sentensi inatudai tuseme ni wa kike au wa kiume, na vikao vitatu vilivyofuata vilivunjika kwenye mstari wa pili. Tukaunda Kamati Ndogo ya Istilahi. Sambamba na hayo, Kamati Ndogo ya Mapazia ilizuru hospitali mbalimbali, ikaona mapazia ya kila namna, na imerudi na picha ambazo zitawekwa hadharani zikishachaguliwa zile ambazo wajumbe hawako ufukweni. (Mnong'ono.)

Hapo wanaotubeza walisema: Mkurugenzi, kwani mapazia si yapo wadi ya wanawake? Kila kitanda kina pazia lake. Mlaze huyo mtu, vuta pazia, kazi imekwisha. Wepesi wa mawazo ulioje! Katika barua yangu ya tarehe tatu nilimjibu Dakta Buthaina kwa ufasaha kwamba kikwazo ni kimoja tu, nacho ni ridhaa ya wanawake waliolazwa. Sisi hatuwezi kuwalazimisha mama zetu. Tukafanya utafiti wa kisayansi. Madodoso kumi na mawili kwa vitanda kumi na viwili vya wadi ya wanawake, na matokeo, mabibi na mabwana, hayana ubishi: asilimia tisini na nne walikataa kata kata!

(Kwenye mlango wa wadi ya wanawake amekaa Bi Sayyida katika kiti cha magurudumu, mzigo wake mapajani. Alilazwa kwa sukari, na leo asubuhi ameruhusiwa kwenda nyumbani. Bi Sayyida: "Mutasim, hebu ngoja kwanza. Watu kumi na wawili wanatoaje asilimia tisini na nne?")

Bi Mkubwa wangu, kumradhi, hesabu hizo ni za kompyuta. Maswali tutayachukua baada ya hotuba.

("Baada ya hotuba yako nitakuwa nimekufa. Miye nimo wadi hii wiki tatu, na sikuulizwa hata nnakula nini. Aliulizwa nani?")

Waliulizwa wote, Bi Mkubwa. Bwana Sinan, simama uwaeleze methodolojia.

(Bwana Sinan anasimama nusu. "Mimi mwanamme, Mkurugenzi. Wadi ya wanawake siingii, itakuwa aibu. Nikayagawa madodoso chini, mgahawani, kwa waume na watoto wao wa kiume waliokuwa wakisubiri saa ya kukagua.")

Naam! Hiyo inaitwa sampuli ya uwakilishi wa karibu. Nani aliye karibu na mke kuliko mumewe?

(Bi Sayyida: "Wangu yuko kaburini mwaka wa kumi na moja huu! Dodoso langu kalijaza nani?" Bwana Sinan, kwa sauti ya chini: "Dereva wa teksi, Bibi. Alisema ameshawahi kukuleta." Kicheko kinazagaa pande zote mbili za maua. Bi Sayyida peke yake hacheki.)

(Bi Sayyida: "Siku zote hizi mtoto wa watu amelala pale mlangoni kwetu akidhani sisi ndio tuliomkataa. Na sisi tunampelekea kahawa tukidhani madaktari ndio waliotaka akae pale! Wallahi naona haya." Anageuza kiti, anasema na watu wa ndani ya wadi: "Jamani, nyote mmesikia. Nusu yetu humu Hind ameshatupima viuno na vifua, na hakuna harusi ya Ruwi wala Matrah asiyoishonea. Nani anayemkataa? Ainue mkono nimwone." Hauinuki mkono. "Anayemtaka?" Inainuka mikono kumi. Wa kumi na moja umefungwa dripu, jirani yake anamsaidia kuunyanyua. "Na mimi wa kumi na mbili. Kitanda changu namba tano ki tupu tangu asubuhi.")

(Nyuma, karibu na lifti, Hind amejifunika uso kwa shela na mabega yanamtikisika.)

Bwana Sinan ananiarifu kuwa mikono imeinuliwa. Nnaipokea mikono hiyo kama pongezi kwa kamati nzima.

(Dakta Buthaina: "Mkurugenzi, swali dogo. Barua yako ya tarehe tatu inasema kikwazo ni kimoja tu, ridhaa ya wanawake waliolazwa. Sivyo?")

Sivyo ni vipi, Dakta! Niliiandika mwenyewe, ina muhuri, na kila neno lake nnalisimamia mbele ya Mheshimiwa Mlezi.

(Sheikh Yaqdhan anatikisa kichwa kukubali. Dakta Buthaina anamwashiria Nabukeera, mhudumu wa wadi, dada wa Kiganda ambaye kwa siku kumi na tisa ndiye aliyemwosha Hind nyuma ya shuka iliyoshikwa na wageni. Nabukeera anaachia breki ya kitoroli kwa mguu. Gurudumu linaanza kulia.)

Aa! Nasikia kahawa inakuja. Wavumilie kidogo, bado ukurasa wa nne.

(Nabukeera: "Samahani, mudir, napita.")

Pita, pita, mwanangu, na mniwekee kikombe kimoja. Sasa, ndugu zangu, niwapitishe katika Wadi ya Tatu yenyewe. Fungeni macho mwone! (Wachache wanafunga macho. Wengi wanatazama kitoroli kikikunja kushoto.) Vitanda ishirini na vinne vya kisasa, kila kimoja na rimoti yake. Mapazia ya rangi isiyo ya kijani wala ya waridi, ambayo jina lake litatangazwa. Wauguzi waliopata semina. Sehemu ya kupokea wageni yenye milango miwili, mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutafakari. Na dirisha kubwa, mabwana, dirisha la kioo kitupu linalotazama Bandari ya Sultan Qaboos, ili mgonjwa akiamka aone meli za watalii zikiingia Matrah, apone kwa kuona tu. Najua kati yetu na bandari pana milima. Suala la milima litazingatiwa katika awamu ya pili.

(Mabibi wa upande wa maua wanaanza kunyanyuka mmoja mmoja, kila mmoja na thamosi yake, wanafuata kitoroli. Ndani ya wadi ya wanawake inasikika sauti ya pazia likivutwa, kisha Bi Sayyida akisema, "Polepole na huo mguu, mshike hapa, mshike na huku.")

Nasikia shamrashamra. Hiyo ndiyo faida ya uongozi unaogusa watu. Kuhusu uwezo, wadi hii itahudumia wagonjwa mia tatu kwa mwezi wenye hali ya kadi kutolingana na mwenye kadi, na ingawa mpaka sasa tunaye mmoja, makisio yetu ya miaka kumi yanaonesha kwamba tukianza na mmoja na tukaongeza asilimia mia nne kila robo mwaka, tutawazidi wakaazi wa Maskati yote kabla sijastaafu. Hapo ndipo mtakapojua kwamba Mutasim alikuwa anaona mbali.

(Anavuta miwani yake juu ya pua. Safu za wanawake ni tupu. Upande wa wanaume wamebaki saba, na wawili kati yao wamelala.)

Sasa nije kwenye mchango wangu binafsi, ambao sipendi kuuzungumzia. Nnaamka alfajiri. Nnalala nikiwa na dhana ya wadi kichwani. Mke wangu amenambia mara nyingi, Mutasim, umekonda, nami humjibu kuwa sijakonda mimi, imekonda jamii isiyokuwa na Wadi ya Tatu. Nimekosa harusi mbili na maziko ya jirani kwa sababu ya Kamati Ndogo ya Istilahi. Kama ipo nishani ya watu wanaoteseka kwa ajili ya vitanda vya wenzao, siiombi, lakini anuani yangu mnayo.

(Nabukeera anarudi mbio na kikaratasi. Anamtia mkononi.)

Ahsante. Kutoka kwa Dakta Buthaina. "Kwa Mkurugenzi. Mgonjwa, Hind. Wadi, ya wanawake. Kitanda, namba tano. Ridhaa imepatikana kwa wote kumi na wawili." (Makofi yanalipuka kutoka wadi ya wanawake, na kigelegele kirefu cha Bi Sayyida. Hata wadi ya wanaume wapo wanaopiga makofi.) "Namba ya kitanda imeshaandikwa, na anapelekwa chumba cha operesheni sasa hivi kwa mlango wa nyuma. Picha mpya ya mguu inaonesha mfupa umeshaanza kuunga kombo, kwa hivyo itanibidi niuvunje tena ndipo niunyooshe. Siku aliyoletwa nisingelazimika. Huu ndio mguu anaokanyagia cherehani. Sijui kama utarudi kama ulivyokuwa. Nitafanya niwezavyo. Buthaina."

(Maneno "niuvunje tena" ameyasoma kwa sauti ile ile ya hotuba, lakini baada yake sauti imeshuka, na mstari wa mwisho haukusikika vizuri. Makofi yamekatika. Mkurugenzi anavua miwani. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaona mpaka mwisho wa korido: viti vitupu, vyungu vya maua, na karibu na lifti, pahala palipokuwa na kitoroli, alama nne za magurudumu sakafuni. Kisha anaivaa tena miwani.)

Mabibi na mabwana. Nimepokea taarifa hii kwa... Nimepokea taarifa hii. Maana yake ni kwamba orodha ya wanaosubiri nafasi katika Wadi ya Tatu, ambayo leo asubuhi ilikuwa na mtu mmoja, sasa haina mtu hata mmoja. Tumeimaliza foleni nzima kabla ya kukata utepe! Iandikwe kwenye taarifa ya mwaka. Nitaita, nanyi mniitikie kwa nguvu. Wadi ya Tatu!

(Bwana Sinan peke yake: "Kwa wote!")

Kadi moja!

(Bwana Sinan: "Kitanda kimoja!")

Korido!

(Bwana Sinan anaangalia karatasi yake. Jibu la korido halimo.)

Basi. Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi Kasule, seremala, aliyetutengenezea mlango huu kwa wiki moja tu, na ambaye aliniuliza swali la kitaalamu, kwamba mlango ufunguke kwa ndani au kwa nje, nami nikamjibu kwamba hilo litategemea chumba chenyewe kitakuwa upande gani, siku kikipatikana. Nawashukuru wachoraji wa ramani ya Wadi ya Tatu, ambao tutawateua mwakani. Kwa namna ya pekee namshukuru jirani yetu mwenye ghala la vigae, kwa kuwa ukuta ulioko nyuma ya mlango huu ni wa kwake, na tunaamini ni mtu muungwana, ingawa bado hatujamwambia.

(Anakata utepe. Sheikh Yaqdhan anaufungua mlango kwa mikono miwili. Nyuma yake pana ukuta mweupe, umepakwa rangi jana, na alama ya mkono wa mtu aliyeugusa kabla haujakauka. Mzee anaugonga kwa kidole mara mbili, anageuka kumtazama Mkurugenzi, anaanza kutafuta bakora yake.)

Na mwisho kabisa namshukuru Hind, nimelitaja, kamati itanisamehe, kwa kuwa bila yeye tusingekuwa na kitu cha kufungua leo. Naagiza kitoroli kirudishwe pale pale karibu na lifti, kioshwe, kitandikwe shuka mbili, na gurudumu litiwe mafuta, maana watu wa namna yake wataendelea kuja, na hospitali hii haitawaacha bila pahala. Nabukeera, kalete kitoroli.

(Nabukeera: "Kina mtu, mudir. Bi Sayyida amekipanda, yuko ndani. Amesema barua ya kumruhusu ameichana na hatashuka hapo juu mpaka aone Hind anakanyaga cherehani.")

Basi ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Wageni wote mnakaribishwa kahawa.

(Lifti inafunguka. Kahawa imefika, na halua sinia mbili. Inapita mbele ya jukwaa, inakunja kushoto, inaingia wadi ya wanawake.)